Hukumu ya Mahindi ya Kanga

Tangu kupambazuka Fridolina Kisuka alikuwa hajaketi. Chai alikunywa amesimama, kiazi alikila anatembea, na mara tatu alifika mlangoni mwa ofisi ya kituo akageuka bila kuingia. Ilikuwa siku ya kutia muhuri. Saa nane mchana angeweka kiganja chake kwenye kioo cha Mgawaji, atamke kwamba amesoma na ni kweli, na kuanzia hapo kaya elfu arobaini za uwanda wa Ufipa zingejua mahindi yao yatakula nini kwa misimu saba mfululizo. Mtu mwingine angekuwa anaimba. Yeye hakuwa na raha, na kilichomnyima raha hasa ni kwamba matokeo yalikuwa mazuri mno.

Uani watu walishaanza sherehe kabla ya sherehe. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko, ngoma zimeanikwa juani zikaze, na Bwana Ladislaus Ntila, mkuu wa kituo, alikuwa amevaa koti ambalo Fridolina hakuwahi kuliona isipokuwa misibani. Alipomwona akampiga begani, akamwambia atabasamu kidogo, maana leo hata mawe yanatabasamu. Fridolina akatoa meno. Basi, akaachiwa apite.

Naam, walikuwa na haki ya kufurahi. Naitrojeni haikuwa shida tena. Viwanda viliivuta hewani usiku na mchana, nayo ikapita kwenye mabomba yaliyolazwa chini ya kila shamba mpaka kwenye mzizi. Shida ilikuwa potashi. Machimbo ya mwisho yalikuwa ng'ambo ya bahari, na kilichofika huku kilipimwa kama dawa ya mtoto. Ndiyo maana Mgawaji, ile mashine yenye akili iliyochimbiwa chini ya kilima cha kituo, haikufungulia bomba mbegu yoyote ambayo haijapimwa. Mbegu isiyopimwa haikukatazwa kupandwa, lakini haikulishwa, na kwenye udongo ule mwekundu uliooshwa na mvua za miaka mingi, mahindi yasiyolishwa yalitoa gunzi la kuchezea watoto.

Msimu huu zilipimwa mbegu tatu. Mbili zilitoka maabara, Kasi na Neema. Ya tatu ilikuwa Kanga, mahindi ya wenyewe, yenye punje za madoadoa kama yule ndege. Mabibi waliyaficha kwenye vibuyu miaka yote ile ambayo kila mtu aliambiwa ayatupe. Vitalu thelathini na sita: kila mbegu ilipewa naitrojeni kwa viwango vinne, kuanzia sifuri mpaka kilo mia na themanini kwa hekta, na ndani ya kila kiwango ikapewa potashi kwa viwango vitatu, sifuri, arobaini na themanini. Mahindi yalivunwa juzi, yakapukuchuliwa, yakapimwa. Kasi iliyonyimwa potashi ilitoa tani tatu, na nusu ya mabua yake yalilala chini kama mlevi. Neema ilikuwa hivyo hivyo. Kanga iliyonyimwa potashi ilitoa tani sita na nusu. Kanga iliyopewa kilo themanini za potashi ilitoa tani sita na nusu.

Mgawaji ikatamka jana jioni, kwa ile sauti yake ya mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo, kwamba Kanga haihitaji potashi. Ikiwekewa muhuri, uwanda mzima utapanda Kanga na kupewa naitrojeni peke yake, na potashi yote itakwenda kwa wengine. Watu walilia kwa furaha. Kasi ilikuwa mbegu ya kununua kila mwaka, ukiipanda ya mwaka jana haioti. Kanga ungeihifadhi juu ya meko yako mwenyewe ukampa na mwanao.

Lakini Fridolina, msomaji wa vipimo wa kituo, alikuwa amesoma majani miaka kumi na miwili. Alijua jani lenye njaa ya naitrojeni, linavyogeuka manjano kuanzia nchani na kushuka katikati kwenye uti. Alijua lenye njaa ya potashi, linavyoungua kingo kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Hakuwahi kuona hindi lisilojali potashi. Wiki ya nane alipita kwenye kitalu cha kumi na saba, Kanga, naitrojeni mia na ishirini, potashi sifuri, akaona kingo za majani ni za kijani safi, akaandika hivyo, akaenda zake anachekelea. Hakuinama. Alitaka iwe hivyo, huo ndio ukweli, na sasa ukweli huo ulikuwa unamwasha mwili mzima kama upupu.

Saa nne na nusu akachukua kisu cha kuvunia, akashuka vitaluni.

*

Mabua ya Kanga yalikuwa bado yamesimama, makavu, yakipigana pigana kwa upepo. Huku chini hakukuwa na nguzo za masikio kama zile za uani ambazo Mgawaji ilizitumia kusikilizia watu. Kulikuwa na sindano tu zilizochomwa kwenye mabua kupima utomvu, nazo zilishazimwa. Fridolina akakata bua moja la kitalu cha kumi na saba, akalipasua. Gumu, limejaa, halina uwazi. Akakata la pili. Kisha akabandua jani kavu pale linapolikumbatia bua, na kwenye kwapa la jani akakuta kitu cha kijivu kimeganda kama uji uliosahauliwa sufuriani.

Akakikwangua kwa kucha. Akakiweka ulimini. Kilikuwa na ladha ya magadi na kikamchoma kidogo.

Akahamia bua jingine, na jingine. Akaruka mpaka kitalu cha ishirini, nacho cha Kanga, akakuta kile kile. Akakimbia mpaka vitalu vya Kasi, akabandua majani kumi na tano, hakukuta kitu. Alipomaliza alikuwa anahema na mikono imejaa mikwaruzo ya majani. Ilibaki kuuliza, na wa kumuuliza alimjua.

Mama Skolastika alikuwa mwisho wa shamba na wenzake watano, wakifunga mabua ya Neema mizigo mizigo. Alikuwa mdogo wake marehemu mama yake Fridolina, na ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, akamsomesha kwa kuuza pombe ya ulezi na maharage. Kituo kilipotafuta walinzi wa vitalu, watu wa kupalilia na kufukuza ndege, Fridolina mwenyewe ndiye aliyemleta. Akamwamkia, akaitikiwa, akamwomba wasogee pembeni kidogo. Akaanza kuzunguka. Akauliza habari za magoti, akauliza habari za ndege, mwishowe akauliza kama msimu huu viwavi walisumbua.

Mama Skolastika akacheka. Akasema viwavi walikuja, tena wengi, lakini waliwakuta wenyewe wako macho. Kila baada ya mvua kubwa yeye na wenzake walipita na makopo ya majivu ya nyumbani, wakatia konzi moja kwenye moyo wa kila mhindi na nyingine shinani, kama walivyofundishwa na mama zao. Kanga yote, kitalu kwa kitalu, hakuna hata mmoja uliosahauliwa. Alieleza kwa majivuno kabisa, anahesabu kwa vidole mvua zilizonyesha.

"Mama," Fridolina akasema. "Niliwasomea karatasi. Nilisema msitie mbolea ya aina yoyote."

"Na hatukutia. Majivu ni dawa, mwanangu, tangu lini yakawa mbolea? Hayo ya maabara yana dawa yake humo humo ndani. Kanga ni yetu, tungeiachaje iliwe?"

Fridolina akamtazama. Alijua hesabu anayoifanya kichwani ni hesabu ya kitoto: majivu ya kuni ni potashi, na konzi mbili kwa kila mhindi, kila baada ya mvua kubwa, kwa miezi mitatu, zimevipa vitalu vya sifuri potashi ya kutosha na kubaki. Hakuna kitalu cha Kanga kilichowahi kuwa na njaa ya potashi. Mgawaji ilipima shibe ikaiita uvumilivu. Na yeye, msomaji, mtoto wa nyumba ile ile iliyokuwa na kopo la majivu nyuma ya mlango, aliwasomea karatasi na neno majivu halikumpitia hata kichwani, kwa sababu kwake pia majivu yalikuwa dawa.

Akamwambia mama yake hamna kitu, alikuwa anauliza tu, kisha akapanda kilima haraka haraka.

*

Alimvuta Bwana Ntila kutoka kwenye mbuzi wake, akashuka naye mpaka katikati ya mabua, akamwonyesha ule ukoko wa kijivu. Mzee wa watu alielewa mara moja. Na yeye alikuwa mwana wa Ufipa. Koti lile la misibani likaonekana ghafla limempwaya. Akauliza nani mwingine anajua. Fridolina akasema hakuna, hata waliotia hawajui walichofanya.

Bwana Ntila akasema maneno ambayo Fridolina aliyategemea. Muhuri utiwe. Miaka ishirini na sita amepigania Kanga ipimwe, ameandika barua, amedharauliwa, na leo imeshinda. Yeye si mtu wa kuinyonga kwa konzi ya majivu. Fridolina akamuuliza nini kitatokea bomba litakapoleta naitrojeni tupu kwa misimu saba. Akajijibu mwenyewe, kwa sauti iliyoanza kupanda: mahindi yatapanda juu haraka, yatakuwa ya kijani ya kupendeza, watu watapiga picha, kisha bua litakuwa tepetepe, na upepo wa Machi utayalaza uwanda mzima kwa siku moja. Hasara haitakuwa ya nusu tani. Chakula cha kaya elfu arobaini.

"Watatia majivu," Bwana Ntila akasema.

Fridolina akamuuliza majivu ya wapi, kwa hekta elfu ngapi, na watu wenyewe siku hizi wanapikia umeme. Wanaobaki na kuni ni mabibi wachache. Bwana Ntila alivua kofia, akaivaa tena.

"Basi sema ukweli," akasema mwishowe, kwa hasira. "Nenda kaseme walinzi walitia majivu. Kifungu cha tisa unakijua kama mimi. Kosa la wakulima ni kosa la mbegu. Mgawaji itasema watu wasioweza kufuata kipimo hawawezi kukabidhiwa kipimo, na Kanga inafutwa, haipimwi tena milele. Mwaka ujao sote tunapanda Kasi. Nenda kamwambie mama yako hivyo."

Fridolina alikuwa anakwenda huku na huku kati ya mistari, anavunja majani bila kujijua. Akauliza kama hakuna namna ya kurudia msimu. Bwana Ntila akasema namna ni moja tu, kifungu cha kumi, msomaji akighushi. Hapo mbegu haina hatia, wakulima hawana hatia, vipimo vinarudiwa na msomaji mwingine. Lakini wewe hujaghushi kitu, akamalizia, na akaanza kupanda kilima kwa sababu kule juu walikuwa wanamwita.

Fridolina akabaki. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuongeza hata nukta kwenye daftari la vipimo. Watu walikuwa wanamtania kwamba Fridolina akiulizwa habari za asubuhi lazima kwanza apime. Ukweli ndio ulikuwa kazi yake, na sasa ukweli ungeua mbegu, na kunyamaza kungeua watu, na kilichobaki katikati ni uongo mmoja tu wenye jina lake. Alimchukia Bwana Ntila kwa kukitaja kifungu kile. Aliwachukia walioandika sheria ya namna ile. Kisha akaona muda, ikawa saa nane kasoro robo, na miguu ikampeleka yenyewe.

*

Uani palikuwa pamejaa. Wazee wamewekewa viti mbele, mama Skolastika na wenzake wameketi mkekani karibu na ngoma, kila mmoja amejifunga kitenge kipya. Nguzo nne za masikio zilisimama kwenye pembe za ua, na kati yake kioo cha Mgawaji kilikuwa kimewashwa. Sauti ikamkaribisha msomaji kwa jina lake lote. Ikasoma matokeo. Ikamwomba aweke kiganja.

Fridolina akaweka. Kioo kilikuwa cha moto kwa jua.

"Umesoma, na ni kweli?" Mgawaji ikauliza.

"Nimesoma. Si kweli." Akaacha kiganja pale pale. "Vitalu vya Kanga vilitiwa majivu ya kuni. Majivu yana potashi. Ni mimi niliyetia, mwenyewe, kwa makusudi, ili Kanga ishinde. Hakuna mwingine aliyejua."

Nyuma ya jiko mbuzi wakasikika wakitafuna. Mgawaji haikushtuka, haikuumbwa kushtuka. Ikauliza vitalu vipi, akataja vyote kumi na viwili. Ikauliza mara ngapi, akataja mvua zile zile alizohesabiwa kwa vidole asubuhi. Ikalinganisha alichosema na vipimo vya sindano zake. Kisha, kwa sauti ile ile ya matangazo ya vifo, ikatamka mbele ya wote kwamba matokeo yamebatilishwa kwa kosa la msomaji, mbegu ya Kanga itapimwa upya msimu ujao, na Fridolina Kisuka amefutwa usomaji maisha yake yote. Asikanyage tena kitalu chochote uwandani, na atoke kituoni kabla ya jua kuzama.

Manung'uniko yakaanza nyuma, yakaja mbele. Mtu mmoja akasema mwizi. Mwingine akasema ametuaibisha, tungeshinda bila uchawi wake. Bwana Ntila alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Fridolina alivumilia hayo yote, alishayahesabu. Kitu ambacho hakukihesabu kilikuwa kinainuka mkekani.

Mama Skolastika alikuwa amesimama. Ameshika kiuno kama afanyavyo kila anapoona mtu anaonewa, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, uso wa mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake abebe mzigo wake. Akainua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza.

"Huyu mtoto anasema uongo," akasema. "Majivu yale..."

Nguzo ya karibu ikageuza sikio lake upande wa mkeka. Fridolina aliiona inavyogeuka. Neno moja tu zaidi, na ingekuwa kifungu cha tisa, na Kanga isingepandwa tena na mtu yeyote.

"Kaa chini!" Fridolina akapaza sauti. Haikuwa sauti yake, hata yeye hakuitambua. "Kaa chini wewe! Nani kakuuliza? Mama wa kufukuza ndege, hata kusoma hujui, mambo ya majivu utayajulia wapi? Unataka na wewe uonekane? Umezeeka mpaka umekuwa punguani?"

Mwanamke mmoja mkekani akajiziba mdomo. Wazee wakageuka wote kwa pamoja. Mtu aliyelelewa na mama yule, aliyevikwa sare ya kwanza ya shule na mama yule, kumwita punguani mbele ya watu wazima! Hata waliokuwa wanamwita mwizi waliona haya. Fridolina alimtazama mama yake machoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akitaka macho yaseme kile ambacho mdomo umekatazwa, na akawa hana hakika kama macho yake yanasema chochote zaidi ya woga.

Mama Skolastika hakukaa. Alisimama pale muda mrefu, mkono ule ulioinuliwa ukishuka pole pole. Akaitazama nguzo. Akamtazama Fridolina. Akaokota kitenge chake cha juu kilichoanguka mkekani, akakikung'uta, akajitanda.

"Basi kuanzia leo usiniite mama," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Mimi sina mtoto."

Akatoka uani bila kugeuka, na wale wenzake watano wakainuka wakamfuata, mmoja mmoja, wakimpita Fridolina kwa mbali kama mtu mwenye ugonjwa. Nguzo ikarudisha sikio lake mahali pake. Fridolina alitamani amkimbilie, ampigie magoti huko njiani, lakini masikio yalikuwa wazi na watu wanatazama. Akabaki amesimama kwenye kioo, kiganja kinamuuma kwa joto, hajui kama mama yake alikuwa amesema na yeye au na nguzo.